Kuupima Lupanga: Tanjenti, Programu ya Hisabati na Mashine Inayozungumza

Mkazi wa Morogoro, mji ambao wenyeji huuita Mji Kasoro Bahari, hana haja ya kusikiliza redio ili ajue kama mvua i karibu. Hutazama Lupanga. Kilele hicho cha Milima ya Uluguru, chenye kimo cha zaidi ya meta 2,100 kutoka usawa wa bahari, kimeuinamia mji ambao wenyewe uko kwenye meta 500 hivi. Wingu likikivaa kilele kama kilemba, nguo huanuliwa. Hata hivyo, ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari apitaye Msamvu kila siku kwamba mlima ule umepanda meta ngapi juu ya kichwa chake, kuna uwezekano mkubwa kwamba atakisia, ilhali kipimo anacho tayari katika daftari lake la hisabati. Kipimo hicho ni tanjenti ya pembe mwinuko.

Tuseme mwanafunzi huyo amepata ramani ya mizani ya 1:50,000 iliyo katika chumba cha jiografia. Amepima kwa rula sentimeta 14 kati ya mahali aliposimama na kilele, yaani kilometa 7 za ardhini. Kisha amefunga uzi na kijiwe kwenye kipimapembe, akakilenga kilele, na kusoma nyuzi 13. Pembetatu mraba imekamilika. Kitabu cha majedwali kinampa tanjenti ya nyuzi 13 kuwa 0.2309, naye akizidisha kwa meta 7,000 hupata kimo cha meta 1,616 juu ya mahali aliposimama. Akijumlisha meta 500 za mji, anafikia meta 2,116. Kwa uzi na kijiwe, hiyo si kazi ya kudharauliwa.

Sasa mwanafunzi huyo huyo aketi mbele ya kompyuta ya shule iliyowekwa programu ya R. Programu hii ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi, mtu yeyote huweza kuichukua bure, kuinakili na kumpa mwenzake, na ikiisha kuwekwa katika kompyuta hufanya kazi hata pasipo intaneti. Kwa shule iliyo Mgeta au Matombo, ambako mawasiliano hutegemea bonde na kilima, sifa hiyo ya mwisho pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Mwanafunzi anaandika amri yake: 7000 * tan(13). Programu inajibu mara moja, bila ya kusitasita na bila ya onyo lolote: 3241.148.

Yafaa msomaji aitazame namba hiyo kwa makini, kwa sababu hatari yake imo katika sura yake. Kama programu ingejibu meta 35, au meta milioni mbili, hata mtoto angecheka. Lakini meta 3,241 ni kimo ambacho mlima unaweza kuwa nacho. Ukijumlisha meta 500 za mji, Lupanga unakuwa mlima wa meta 3,741, mrefu kuliko Hanang, na unaupita kwa zaidi ya kilometa nzima Kimhandu, ambao ndio kilele kirefu kuliko vyote katika Uluguru. Mwanafunzi aliyekulia chini ya mlima huu huenda akashtuka. Yule asiyeujua ataliandika jibu hilo kwa wino na kulipigia mstari.

Kosa si la programu. R, kama zilivyo programu nyingi za hisabati, hupima pembe kwa radiani wala si kwa nyuzi. Radiani moja ni karibu nyuzi 57.3, kwa hiyo mtu anayeandika 13 ameiambia mashine izunguke duara zima mara mbili, kisha iongeze nyuzi karibu 25, na hapo itafute tanjenti. Mashine imetii. Amri iliyotakiwa ni 7000 * tan(13 * pi / 180), nayo hutoa 1616.077. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwanafunzi hukutana na pembe mwinuko katika vidato vya chini, ilhali radiani husubiri hadi baadaye sana. Hivyo programu inamdai kipimo ambacho darasa halijampa bado. Mtego wa namna hiyo hiyo umo katika logi. Jedwali la shule husema logi ya 100 ni 2, lakini R ukiiandikia log(100) hujibu 4.60517, kwa kuwa neno hilo kwake ni logi asilia. Logi ya kizio cha kumi huitwa log10.

Zamani mwanafunzi aliyekwama hapo alikuwa na njia mbili: amtafute mtu ajuaye, au afungue kitabu kinene cha Kiingereza ambacho kiliandikwa kwa ajili ya watu wasiokwama mahali hapo. Tangu tarehe 30 Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, njia ya tatu imepatikana. Programu za mazungumzo za jinsi hiyo, ambazo ni tawi la akili mnemba, hupokea swali kwa lugha ya kawaida, Kiswahili kikiwamo, na kujibu kama mtu anayeandika barua. Mwanafunzi akiuliza, "Kwa nini R imenipa 3241 na jedwali limenipa 1616?", kuna uwezekano mkubwa kwamba ataelezwa habari ya radiani kwa upole na kwa mfano, na akiomba aelezwe tena kwa maneno mepesi ataelezwa tena. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini hawezi kufanya hivyo kwa kila mmoja.

Lakini hebu tulitazame swali lenyewe. Mwanafunzi huyu ameuliza vizuri kwa sababu alikuwa na namba mbili mkononi, na moja aliipata kwa jasho lake. Aliyeanza kwa kuiambia mashine, "Nipe kimo cha Lupanga kwa R," hana cha kulinganisha.

Ili kuona kwa nini kulinganisha ni lazima, inabidi kufahamu namna mashine hizi zifanyavyo kazi. Programu ya mazungumzo, kwa asili yake, haikokotoi. Imesomeshwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kutabiri ni kipande gani cha neno kinachoelekea kufuata baada ya vile vilivyotangulia. Kwa kuwa maelezo kuhusu R yaliyoandikwa duniani ni mengi, mara nyingi utabiri huo huangukia kwenye ukweli. Pale maandishi yanapokuwa machache, au mambo mawili yanapofanana, utabiri huweza kuteleza huku lugha ikibaki nyoofu vile vile. Ndiyo maana mwaka 2023 ChatGPT iliunganishwa na mtambo wa ukokotoaji wa kampuni ya Wolfram, na baadhi ya mashine za leo hupewa uwezo wa kuandika programu ndogo na kuiendesha zenyewe kabla ya kujibu.

Mfano wa utelezi huo hauko mbali na mlima wetu. Programu iitwayo Octave, ambayo nayo ni ya bure, ina amri ya tand inayopokea nyuzi moja kwa moja: ukiiandikia tand(13) hutoa 0.2309. R ya kawaida haina amri hiyo. Kwa kuwa programu hizi mbili zinafanana kwa sura, mashine ya mazungumzo huweza kumshauri mtumiaji wa R atumie tand, na kumshauri kwa uhakika wa mtu aliyeijaribu jana. Akiiandika, R itamwambia kwamba haiijui. Huo ni utelezi usio na madhara makubwa, maana programu yenyewe inaukataa. Utelezi wa kuogopwa ni ule ambao R inaukubali na kuutolea jibu.

Tushuke basi kutoka mlimani hadi kwenye mashamba yaliyo chini yake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina sifa duniani katika utafiti wa panya waharibifu wa mazao. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa kihisabati wa panya shamba wa Morogoro, Mastomys natalensis, ulioonyesha jinsi mvua na wingi wa panya wenyewe vinavyoongoza kupanda na kushuka kwa idadi yao. Msingi wa kazi ya namna hiyo ni kumkamata panya, kumtia alama, kumwachia, kisha kutega tena. Mwanafunzi anaweza kuujaribu kwa maharage ndani ya kopo: atie alama maharage 40, ayachanganye na mengine, achote 30, na ahesabu yenye alama. Yakiwa 8, hesabu rahisi ni 40 mara 30 gawanya kwa 8, yaani maharage 150 kopo zima.

Mwanafunzi akiiomba mashine ya mazungumzo imwandikie hesabu hiyo kwa R, huweza kupata 150, na huweza pia kupata 140.2. Jibu la pili si kosa. Linatokana na kanuni iliyorekebishwa, iitwayo ya Chapman, ambayo huongeza moja kwa kila idadi kabla ya kuzidisha na kugawanya, kisha hupunguza moja mwishoni, kwa sababu kanuni rahisi huelekea kuzidisha kidogo idadi pale sampuli inapokuwa ndogo. Mashine ikichagua kanuni hiyo bila ya kusema, R haitalalamika, kwa kuwa amri zote mbili ni sahihi kisarufi. Uchaguzi kati ya 150 na 140 si wa sarufi ya programu hata kidogo. Mwenye kopo la maharage huweza kuyamwaga mezani na kuyahesabu; mwenye shamba la panya hana njia hiyo, na pengine ushauri wa lini atege au aweke sumu unategemea namba hiyo.

Wapo walimu wanaoona dawa ni kupiga mashine hizi marufuku shuleni. Hofu yao ina msingi. Jaribio lililofanywa Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari karibu elfu moja, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2025, lilionyesha kwamba waliopewa mashine ya mazungumzo ya kawaida wakati wa mazoezi ya hisabati walipata alama bora kwa asilimia 48 kuliko wenzao. Lakini ilipoondolewa, walifanya mtihani vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwa nayo kamwe. Walikuwa wameigeuza gongo. Hata hivyo kundi la tatu, lililopewa mashine iliyoelekezwa na walimu itoe dokezo na isitoe jibu, kwa kiasi kikubwa liliepuka hasara hiyo. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuulizwa na kujibiwa.

Ama kuhusu marufuku, Tanzania ina kumbukumbu yake. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa baadaye. Sababu zilikuwapo, na pengine zilikuwa nzito kwa wakati ule. Lakini zuio halikumfundisha mtu yeyote kompyuta, na mashine ziliporudi ziliwakuta wengi wakianza mwanzo.

Kwa shule inayotaka kujaribu, zoezi moja laweza kuanzishwa bila ya gharama kubwa. Umbali wa kilometa 7 hadi chini ya kilele hauwezi kupimwa kwa miguu, maana unaishia ndani ya mlima. Badala ya kutegemea ramani, wanafunzi wapime pembe mwinuko ya Lupanga katika sehemu mbili zilizo kwenye mstari mmoja kuelekea kilele na zilizo usawa mmoja, au karibu na hivyo, kisha wapime umbali kati ya sehemu hizo. Wachore kwanza pembetatu mbili, waitafute kanuni ya kimo kwa kalamu, na wakadirie jibu kabla ya kompyuta kuwashwa. Ndipo waiombe mashine ya mazungumzo iwaandikie kanuni hiyo kwa R, na waifuate mstari kwa mstari kwenye mchoro wao.

Pembe zikiwa nyuzi 13 na nyuzi 18, na umbali kati ya sehemu hizo ukiwa meta 2,000, kimo kitakuwa meta 1,595 hivi. Kisha pembe ya pili ibadilishwe kuwa nyuzi 18.5, kosa ambalo upepo ukiutikisa uzi huweza kulileta, na amri iendeshwe upya. Kimo kitashuka hadi meta 1,489. Nusu nyuzi imeondoa zaidi ya meta 100 za mlima, na R haitakuwa imesema neno.