Huyo si nyoka, usimwue

Umewahi kulima karibu na kijito ukaona kitu kirefu cha rangi ya kahawia kikijipinda kwenye udongo? Wengi wetu hatungoji. "Nyoka!" na jembe linashuka. Wengine husema ni nyungunyungu tu, wanamtupa juani.

Kwa sisi wa kilima cha Sagalla, karibu na Voi, ni vizuri tumjue mnyama huyu. Ni jamaa ya chura, ila hana miguu. Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 2005, na duniani kote anajulikana kuishi katika kilima hiki kimoja tu. Akiisha Sagalla, ameisha.

Utamtambuaje? Nyoka ana magamba. Huyu ana ngozi laini yenye unyevu na mwili wa pete pete. Nyungunyungu hana mifupa, lakini huyu ana uti wa mgongo, taya na meno madogo. Macho yake yamefunikwa, kwa sababu maisha yake ni chini ya udongo. Jamii yake hula mchwa na wadudu wengine wadogo. Hamdhuru mtu.

Katika vilima vingine vya Taita yuko ndugu yake, ambaye wenyeji humwita kilima-mrota. Mwaka 2006 wataalamu walieleza jinsi mama wa aina hiyo anavyolea: ngozi yake hunenepa kwa mafuta, na watoto huibambua wakala. Baadaye ngozi hurudi. Kweli mama ni mama!

Shida ni nini basi? Mnyama huyu anataka udongo laini wenye unyevu. Tukilima mpaka ukingoni mwa maji, mvua inachukua udongo. Tukipanda mikaratusi, yaani blugamu, kando ya kijito, inanyonya maji mengi na udongo unakauka. Tunajua blugamu inalipa karo. Lakini kijito kikikauka, si mnyama peke yake anayeumia. Mama naye atabeba mtungi mbali zaidi.

Tufanye hivi:

1. Ukimfukua, usimpige. Lowesha mikono, mrudishe kwenye udongo wenye unyevu, umfunike kwa majani. Jua humkausha upesi.

2. Acha ukanda wa majani na miti kando ya kijito bila kulima.

3. Shambani, weka matuta ya kuzuia maji, samadi, na majani makavu chini ya migomba. Udongo huo unamfaa yeye, na ndizi pia.

4. Blugamu ipande mbali na maji. Iliyoko kando ya kijito usiikate yote kwa siku moja, udongo utamomonyoka. Punguza kidogo kidogo, ukipanda miti ya kienyeji kama mkuyu.

5. Jirani akipiga kelele "nyoka!", nenda mwangalie pamoja kwanza. Lakini kama huna hakika, usimshike kwa mkono. Kaa mbali umwache aende zake.

Tuzungumze jambo hili katika jumuiya zetu na vikundi vya akina mama, na watoto waelezwe. Mungu alipompa mtu shamba, alimpa alilime na alitunze. Hatukuambiwa tuchague kazi moja tukaache nyingine.