Je, Wajua? Msonge Ulikuwa na Dari la Kazi

Kabla bati halijaenea Usukumani, misonge mingi ya Wasukuma na majirani zao Wanyamwezi ilikuwa na ukuta wa pili wa mviringo kwa ndani. Juu ya chumba cha kati kilichozungukwa na ukuta huo zililazwa boriti na fito, likapatikana dari la kuhifadhia nafaka. Moshi wa mafiga ulipanda humo na kufukuza wadudu.

Leo anayetaka chumba cha darini katika nyumba kongwe mjini Bariadi, huko huko Usukumani, aanze na uzito. Ukuta wa matofali mabichi usitwishwe sakafu mpya. Sakafu isimame juu ya nguzo zake, zenye msingi wake. Kisha bati, na hapo ndipo wengi hukosea: saa nane mchana chini ya bati tupu hapakaliki, ila labda kwa mjusi. Weka dari jepesi chini yake, na matundu ya hewa yanayotazamana karibu na kilele cha paa.

Lamu, kwenye pwani ya Kenya, wana njia yao ya kukabili joto: juu ya nyumba ya mawe yenye paa bapa huezekwa makuti, pembeni pakaachwa wazi kwa upepo wa bahari.