Moto Majumbani Wakati wa Sikukuu za Mwisho wa Mwaka

Ifikapo Desemba shule hufungwa, joto la kaskazi huanza kupanda, na nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni hupokea watu kuliko zilivyozoea. Ndugu hufika kutoka mikoani, watoto hushinda nyumbani, feni huzunguka usiku kucha na jikoni kazi haikomi. Nyumba ni ile ile na nyaya ni zile zile. Kilichoongezeka ni mzigo. Mtumiaji anayetaka kuikinga familia yake na moto aanze kwa kuuhesabu mzigo huo kabla wageni hawajafika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila kifaa cha umeme kina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Umeme wa majumbani hapa nchini ni wa volti 230, na plagi ya pini tatu imetengenezwa kubeba ampea 13. Zidisha 13 kwa 230, utapata wati 2,990. Huo ndio ukomo wa ekstensheni nzima, hata ikiwa na matundu sita. Birika la umeme peke yake laweza kutumia wati 2,000. Ukiongeza pasi ya wati 1,200, ukomo umekwisha kupitwa na friji bado haijahesabiwa. Feni, televisheni na chaja za simu hutumia kidogo, na zinaweza kukaa pamoja bila taabu. Vifaa vinavyozalisha joto, yaani pasi, birika na jiko la umeme, vichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Hatari nyingine imejificha ndani ya waya. Ekstensheni za bei nafuu mara nyingi huwa na waya mwembamba. Waya wa milimita 0.75 za mraba hubeba ampea 6, yaani chini ya wati 1,400, ingawa plagi yake imeandikwa 13. Waya huo waweza kuanza kuyeyuka huku fyuzi ya ampea 13 ikiwa haijakatika. Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la waya, tafuta 1.25 au 1.5, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kisha dai risiti. Muuzaji anayekasirika kwa kuombwa risiti amekwisha kukueleza jambo kuhusu bidhaa yake. Ukiwa nyumbani, usiutumie waya ukiwa umeviringishwa wala kuufunika kwa zulia au godoro. Fyuzi ikikatika, weka fyuzi nyingine. Kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi.

Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha, chomoa pasi na jiko hapo hapo. Pasi iliyosahaulika hukaa baridi juu ya nguo mpaka umeme unaporudi, na pengine wakati huo wenye nyumba wako kanisani au ufukweni. Soketi inayotoa cheche au harufu ya kuungua isitumike tena hadi ikaguliwe. Ikumbukwe kuwa jukumu la TANESCO huishia kwenye mita. Nyaya za ndani ni za mwenye nyumba, naye anapaswa kumtumia fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kuhusu gesi ya kupikia, jambo kubwa ni kwamba ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, bali hutambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda au kabati. Mtungi usimame wima mahali penye hewa, na mpira uliopasuka ubadilishwe. Kagua maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na usiguse swichi yoyote, hata kwa nia ya kuzima taa. Mafuta yakishika moto kwenye karai, zima jiko na ufunike karai kwa mfuniko. Maji huyarusha mafuta yakiwaka.

Linalosahaulika zaidi ni njia ya kutokea. Nyumba nyingi za Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala zina ukumbi mmoja katikati, vyumba pande mbili, mlango wa mbele na mlango wa uani, na kila dirisha lina nondo. Nondo zimewekwa kwa ajili ya wezi, na hakuna anayeshauri ziondolewe. Ila kwa sababu yake, ukumbi ndio njia pekee. Na ukumbi huo huo ndimo inamolazwa pikipiki yenye petroli tangini, ndimo linamoingizwa jiko la mkaa mvua ikinyesha, na wakati wa sikukuu ndimo wanamotandikiwa wageni. Pikipiki na jiko vibaki uani, tena mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Funguo za milango yote miwili zitundikwe mahali pamoja ambapo mgeni anaonyeshwa siku ya kwanza, na mtoto anaweza kupafikia. Watoto wasifungiwe ndani kwa kufuli la nje, hata kwa safari fupi ya dukani.

Moto ukitokea, watoke watu kwanza, kisha pigeni simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taja mtaa pamoja na alama inayojulikana, kama msikiti, kanisa, shule au ofisi ya serikali ya mtaa, na useme kama kuna aliyebaki ndani. Vichochoro vingi havipitishi gari la zimamoto, kwa hiyo mtu mmoja akimbie hadi barabara kubwa kulipokea gari, na wengine waondoe magari na meza za biashara zilizoziba njia.