Uzamili wa uhasibu wa kimataifa: hesabu za nani?

Mimi nasomea ualimu, ila mwenzangu wa chumbani yuko uhasibu na anataka uzamili nje. Uingereza au Marekani? Nilidhani tofauti ni ada tu. Kumbe hata hesabu hazifanani.

Chukua duka la sukari. Mfuko wa kwanza umenunua 100,000, wa pili 120,000, ukauza mmoja 150,000. Ukihesabu kwamba umetoka ule wa zamani, faida ni 50,000. Ukisema umetoka wa mwisho, faida ni 30,000 na kodi inapungua. Marekani njia hii ya pili inaruhusiwa. Viwango vya kimataifa, yaani IFRS, ambavyo Tanzania inavifuata tangu 2004, vinaikataa. Mfuko uleule jamani!

Uingereza kozi nyingi ni mwaka mmoja na IFRS ndiyo msingi, kwa hiyo unarudi na kitu cha kutumia. Ila digrii hiyo siyo CPA. Mitihani ya NBAA inakusubiri palepale, na sheria za kodi za hapa utazisoma mwenyewe.

Halafu pesa. Mwenzangu aliitegemea Chevening, wao wanataka kwanza miaka miwili ya kazi. Sasa hivi anaandika barua za kuomba kazi.