Tumaini lenye mashahidi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwazungumzia Wakristo wanaosema dunia hii imekwisha kuoza, kwa hivyo kazi yetu ni kufunga virago na kungoja parapanda. Leo natazama kosa lililo kinyume cha hilo: kuamini kwamba uovu wote umekaa upande mmoja, na upande huo ukiondolewa, mambo yatanyooka yenyewe.

Elijah Masinde wa Kimilili alilelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Wakweka. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameliacha na anaongoza Dini ya Msambwa, akiwataka wazungu waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe. Madai yake yalikuwa na msingi, ijapokuwa wakoloni walimtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mnamo Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake pale Malakisi, wakafa 11. Yeye akapelekwa kizuizini Lamu. Uhuru ukaja mwaka 1963. Je, serikali ya Waafrika ilimfanyia nini? Iliipiga marufuku dini yake, na yeye mwenyewe ikamfunga. Na mashamba makubwa ya Trans Nzoia, si machache yaliishia mikononi mwa wakubwa wapya. Uovu haukupanda meli pamoja na masetla.

Wala haukungoja mkoloni arudi ndipo ufike Chebyuk. Mpango huo wa makazi katika Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, ulianza miaka ya 1970 ili kuwapa ardhi watu waliotolewa Chepkitale. Orodha za wenye haki ya kupewa shamba zikaandikwa, zikafutwa, zikaandikwa upya, na kila mara kuna aliyeingizwa na kuna aliyetupwa nje. Mwaka 2006 vijana wa kundi la wanamgambo la SLDF wakashika bunduki wakidai kutetea ardhi ya Wasabaot, lakini wengi waliowaua walikuwa Wasabaot wenzao. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 600. Jeshi lilipopanda mlimani Machi 2008 kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, wanaume wa vijijini walikusanywa na kuteswa na wale wale waliokuja kuwaokoa.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba hao walikuwa wanasiasa na wanamgambo, si watu wa Mungu. Haya, tuwatazame watu wa Mungu. Wakweka walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Wakweka wengi kuliko Kenya. Amani ndiyo sifa yao duniani kote. Hata uamuzi wa kanisa hawaupigii kura, hutafuta kukubaliana. Hata hivyo, mwaka 1973 Marafiki wa upande wa Elgon, wenye makao Lugulu, walijitenga na wenzao wa Kaimosi baada ya kuvutana kwa muda mrefu, na mgawanyiko mwingine ukafuata. Sisemi haya kuwasuta. Baada ya machafuko ya 2008 yaliyofuata uchaguzi mkuu, ni Marafiki hao hao walioendesha semina za upatanisho Mlima Elgon na Bonde la Ufa. Ni watu wasiokamilika waliofanya kazi iliyohitaji kufanywa.

Mimi naona fundisho la dhambi, ambalo wengi hulidhania kuwa la kukatisha tamaa, ndilo linaloweza kulilinda tumaini. Ushahidi wangu ni Yeremia 32, sura ambayo kila mkazi wa Kitale angepaswa kuijua kwa sababu inahusu kununua shamba. Jeshi la Babeli limeizingira Yerusalemu, na nabii yumo kizuizini kwa kutangaza kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi, nje kabisa ya kuta zilizozingirwa. Dalali yeyote angecheka. Yeremia anatoa shekeli 17 za fedha. Na tazama anavyonunua: fedha inapimwa kwenye mizani watu wakiona, hati inaandikwa nakala mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi, mashahidi wanatia sahihi, kisha Baruku anaambiwa azihifadhi katika chombo cha udongo zisiharibike.

Huyu ni mtu aliyesikia sauti ya Mungu. Angeweza kusema, huyu ni damu yangu, karatasi za nini? Hakusema hivyo.

Watu wa Trans Nzoia hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Baada ya uhuru wengi walinunua shea katika kampuni na vyama vya ushirika vilivyochukua mashamba ya masetla, na zipo familia zilizokaa miongo kadhaa bila hatimiliki. Walicho nacho ni makubaliano kwenye karatasi iliyochanwa daftarini: ekari mbili na nusu, majina ya wanaopakana, nambari za vitambulisho, alama ya dole gumba ya nyanya asiyejua kuandika, mhuri wa chifu uliofifia. Hukunjwa ndani ya mfuko wa nailoni na kutiwa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Mwana wa muuzaji akija baada ya miaka 20 kudai shamba ni la marehemu babake, hiyo ndiyo itakayosomwa mbele ya wazee.

Ajabu ni kwamba tukifika kanisani tunaona haya. Mwenye kuuliza hesabu ya harambee ya paa huambiwa hana imani, ilhali Jumatatu muumini huyo huyo yuko sokoni akichunguza kama kitako cha gorogoro kimegongwa kikaingia ndani ili mahindi yapungue. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya madhabahu haikusamehewa sheria hiyo. Anayeamini kwamba wote tumetenda dhambi angekuwa wa kwanza kutaka waweka sahihi watatu benki, na risiti ibandikwe mlangoni, hata kama mweka hazina ni mchungaji. Laiti orodha za Chebyuk zingebandikwa hivyo tangu mwanzo!

Yeremia mwenyewe hakulima Anathothi. Mji ulianguka, na baadaye wenzake walimchukua hadi Misri. Alinunua kwa ajili ya wengine.

Juma lijalo nitaligusa swali nililoulizwa na wasomaji wa Kapsokwony na Cheptais, huko Mlima Elgon: je, mtu aliyekatwa sikio na jirani yake wakati wa SLDF adaiwe kusamehe kabla jirani huyo hajakiri?