2,147,483,647: namba tasa iliyopimwa bila kompyuta

Wanachuo wenzangu, kila muhula nalisikia swali lilelile kwenye korido: "Kompyuta zipo, sasa uthibitisho wa nini?" Mimi huwa najibu kwa namba moja: 2,147,483,647.

Ni 2 kwa kipeo cha 31, kisha utoe 1. Wanaosoma kompyuta wanaijua, maana ndiyo namba kubwa kuliko zote inayokaa kwenye biti 32, moja ikiwa imetengwa kwa alama ya chanya au hasi. Lakini pia ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Tunajuaje? Njia ya kawaida ni kujaribu kuigawanya kwa kila namba tasa mpaka ufikie kipeuo chake cha pili, yaani kama 46,340. Hizo ni namba tasa 4,792. Kwa kalamu, utazeekea mezani.

Mwaka 1772 Leonhard Euler alikuwa Saint Petersburg, karibu kipofu kabisa. Yeye alianza na swali: kigawo tasa cha namba hii, kama kipo, lazima kiweje? Kwa kanuni ya Fermat, ukikipunguza 1, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 31. Jaribu mfano mdogo: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, unapata 2,047, ambayo ni 23 × 89. Sasa angalia 22 na 88: zote zinagawanyika kwa 11. Sio bahati hiyo!

Sharti la pili: ukikigawanya kigawo hicho kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Unganisha masharti yote mawili, na kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Kati ya zile 4,792, zinazopita hapo ni 84 tu. Hakuna hata moja inayoigawa namba yetu. Kazi imekwisha.

Utasema simu yako ingezijaribu zote 4,792 kufumba na kufumbua. Kweli. Lakini namba tasa ya ukoo huohuo iliyotangazwa Oktoba 2024, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, ina tarakimu 41,024,320. Kwa kujaribu kigawo kimoja kimoja, hakuna kompyuta duniani ingeimaliza. Iliwezekana kwa sababu ya kipimo cha Lucas na Lehmer, nacho kilithibitishwa na watu kwanza.

Kwa hiyo ukikuta neno "thibitisha" kwenye karatasi ya mtihani, usimwone mhadhiri kuwa mtesaji. Anakufundisha kupunguza 4,792 ziwe 84.