Kikohozi cha Bibi: Ni Uzee au ni Moshi?



Wakati wa likizo tulitumwa kuwatembelea wagonjwa na wazee huko Mvumi, wilayani Chamwino. Katika nyumba moja tulimkuta bibi ameketi kando ya mafiga, ndani ya tembe, kuni mbichi zikifuka moshi. Alitusalimu "Mbukwenyi", kisha kikohozi kikamkatiza. Tulipouliza anakohoa tangu lini, binti yake alijibu kwa niaba yake: "Ni uzee tu, frateri." Nasi tukatikisa kichwa, tukaendelea na sala.

Sisi tunaosoma falsafa tulipaswa kushtuka palepale. Je, "uzee" ni sababu, au ni jina tunalolipa jambo ambalo hatujalichunguza? Ni kweli wazee wengi hukohoa. Lakini wengi wao vijijini wamevuta moshi wa kuni tangu utotoni. Umri na moshi vimeongezeka pamoja, na kwa macho tu huwezi kuvitenganisha. Lazima kupima.

Tuanze na hewa. Ukiuliza watu wa Mvumi kuhusu hewa chafu, watakuonyesha vumbi, na hawakosei: ardhi ya huku ilimomonyoka hadi ikaingizwa katika mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanza mwaka 1973. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vumbi ni chembe nene, ambazo pua na koo huzinasa. Moshi hubeba chembe zisizozidi upana wa maikromita 2.5. Unywele mmoja ni mnene kuliko hizo mara 20 au zaidi. Hizi hupita hadi ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Ndiyo maana moshi hauletи kikohozi tu, bali pia magonjwa ya moyo na kiharusi.

Ili kuzipima, mtu huvalishwa pampu ndogo inayovuta hewa kupitia kichujio karibu na pua yake. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, na uzito ulioongezeka hugawanywa kwa ujazo wa hewa iliyopita. Kwa nini avalishwe mtu, kifaa kisiwekwe juu ya paa? Kwa sababu paa haliketi jikoni.

Tuchukue mfano, kwa hesabu tu. Bibi anakaa saa 3 penye moshi wa maikrogramu 600 kwa kila mita ya ujazo, na saa 21 penye hewa ya maikrogramu 20. Wastani wa siku yake ni 92.5. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni 15 kwa saa 24. Saa zile tatu zimeiharibu siku nzima.

Kisha afya yenyewe. Mzee huvuta pumzi hadi mwisho, halafu huipuliza kwa nguvu katika mrija wa kifaa kiitwacho spirometa. Kama hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote aliyotoa, huenda njia zake za hewa zimebana. Pumzi hupungua kwa umri hata kwa asiyeugua, kwa hiyo matokeo yake hulinganishwa na ya watu wa umri, jinsia na kimo chake. Hapo uzee umepewa fungu lake. Kinachobaki ndicho tunachokitafutia sababu: sigara, kifua kikuu cha zamani, au moshi. Njia nyingine ni kumlinganisha mzee na yeye mwenyewe, siku za moshi mwingi na siku za moshi kidogo, maana umri wake haubadiliki kati ya Jumanne na Ijumaa.

Kazi hii huhitaji uvumilivu. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia watu wazima 8,111 katika miji sita kwa miaka 14 hadi 16. Mwaka 1993 walitangaza kwamba, hata baada ya kuzingatia umri na sigara, kiwango cha vifo katika mji wenye hewa chafu zaidi kilizidi cha mji safi zaidi kwa asilimia 26.

(Wenzetu wanaotumikia chetezo wasiogope sana. Ubani wa Dominika ni wa dakika chache.)

Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini bibi yule hapiki tena. Anayepika ni binti yake. Yeye hukaa pale kwa sababu asubuhi za Juni na Julai Dodoma ni baridi, na jiko la gesi halimpi joto la kuota. Laudato Si', katika namba 20, inataja moshi wa kupikia na pia wa kupashia joto. Dodoso linalouliza tu "Nani anapika?" litamruka bibi huyu.

Tuliporudi wiki iliyofuata tulimuuliza mwenyewe huwa anaketi wapi, na kwa saa ngapi. Alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.